Utambi wa Mita Tano

4 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Sisi hapa wazima. Mama yako anakusalimu na anauliza kama lile shuka limefika. Salamu zimeisha, sasa nina shida.

Wametuletea karatasi hapa machimboni. Kila fundi baruti afanye mtihani wa hesabu tarehe 20 Mei, na ukifeli leseni ya kulipua unairudisha mezani. Miaka ishirini na sita nalipua mwamba na vidole vyangu vyote kumi ninavyo, halafu leo mtu mwenye tai anataka nimwambie x ni ngapi. Huyo x ni nani? Mbona kila akitajwa hajulikani alipo?

Mimi utambi naukata kwa mikono. Nanyoosha huu na huu, hiyo pima moja. Zikiwa mbili, inatosha. Nawasha matundu yote, naenda zangu handakini, mlipuko unanikuta nimeshakaa. Sheria ya kwanza ya kazi yetu unaijua toka utotoni: ukishawasha, hukimbii. Anayekimbia anajikwaa, na akijikwaa hana muda wa kuinuka. Wenzangu wanajikaza wasitoke mbio, mimi natembea tu kama nimetumwa sukari, ndiyo maana wakanibandika jina la Taratibu.

Basi nifundishe. Kwa barua, si kwa simu. Masikio yangu yameliwa na baruti, simu kwangu ni mbu tu, na mama yako hana simu. Na usimwambie mtu kwamba baba wa mwalimu wa hesabu hajui hesabu.

Baba yako


9 Machi

Baba, shikamoo.

Shuka limefika, mwambie mama ahsante. Kuhusu siri yako usijali, ila nimecheka peke yangu ofisini mpaka walimu wenzangu wakauliza kulikoni.

x hajapotea, baba. x ni kitu ambacho bado hujakipima. Tunampa jina ili tuweze kumzungumzia wakati tunamtafuta.

Anza na hili. Umesema boksi limeandikwa kwamba mita moja ya utambi inaungua kwa sekunde 120. (Hukusema, lakini naikumbuka, niliisoma kwenye boksi nililowekea madaftari.) Utambi umeungua sekunde 300. Ulikuwa na urefu gani?

120x = 300
x = 300 ÷ 120
x = 2.5

Mita mbili na nusu. Umeona? Kilichokuwa kinamzidisha x upande huu, kimehamia ng'ambo kugawanya.

Sasa zamu yako. Handaki liko mita 240. Fundi anatembea mita 60 kwa dakika. Kuwasha matundu yote kunamchukua dakika 2. Akate utambi wa urefu gani ili afike handakini ndipo mlipuko wa kwanza utokee?

Andika kila mstari, hata ule unaouonea aibu. Na upime hiyo pima yako kwa futi ya fundi. "Mikono" si kipimo, baba.

Mwanao


15 Machi

Mwalimu,

Nimepima. Pima yangu moja ni sentimita 175, kwa hiyo pima mbili ni mita 3.5. Nikawa nimeshika futi basi nikapima kila kitu. Hatua yangu ni sentimita 70. Kutoka kwenye mwamba hadi lile tingatinga bovu ni hatua 200. Hadi handakini ni mita 240 kamili, nimevuta kamba. Mtunza stoo kaniuliza kama nataka kununua machimbo.

Hesabu yako hii hapa:

240 + 60 + 2 = 302
120x = 302
x = 2.51

Mita mbili na nusu na kipande. Nimejipa saba kwa kumi, kwa unyenyekevu.

Baba


20 Machi

Baba,

Sifuri. Samahani, lakini sifuri.

Umejumlisha mita na mwendo na dakika. Huwezi kujumlisha umbali na muda, ni sawa na kujumlisha viatu na Jumanne. Kila kitu kwanza kigeuzwe kiwe sekunde, kwa sababu utambi unajua sekunde tu.

Kutembea: 240 ÷ 60 = dakika 4 = sekunde 240
Kuwasha: dakika 2 = sekunde 120
120x = 240 + 120
120x = 360
x = 3

Fundi wako mwenye utambi wa 2.5 anapata sekunde 300. Toa 120 za kuwasha, zinabaki 180 za kutembea. Kwa sekunde 180 anafika mita 180. Handaki liko 240. Mlipuko unamkuta mita sitini nje, baba, wazi kabisa. Jibu la namna hii darasani naandika sifuri nageuza ukurasa. Kwako nimeshindwa kugeuza.

Rudia kwa namba utakazotunga mwenyewe.

Mwanao


28 Machi

Mwalimu mkali,

Viatu na Jumanne! Mama yako kacheka mpaka kakohoa. Haya, nimetunga la kwangu.

Matundu 10, kila moja sekunde 14 kuwasha: 10 × 14 = 140
Kutembea mita 240: dakika 7 na sekunde 40. 7 × 60 = 420, ongeza 40 = 460
120x = 140 + 460
120x = 600
x = 600 ÷ 120
x = 5

Mita tano! Limetoka safi bila mkia. Nimelirudia mara nne nikidhani nimeibiwa mahali. Sema kweli, nimepata au sijapata?

Baba


2 Aprili

Baba, shikamoo.

Umepata. Kumi kwa kumi. Nimebandika karatasi yako juu ya meza yangu.

Ila nina swali. Mimi hutunga maswali kila wiki, najua namba za kutunga zinavyokuwa. Mtu akitunga anaandika dakika 5 au dakika 8. Hakuna anayetunga dakika saba na sekunde arobaini. Hiyo ni namba ya mtu aliyetazama saa.

Ni nani anayetembea mita 240 kwa dakika saba na sekunde arobaini? Mtoto anayejifunza kusimama anamzidi.

Nijibu hilo kabla hatujaendelea.

Mwanao


7 Aprili

Mwanangu,

Wewe umeanza kuwa polisi. Namba nimetunga, nimeandika zilizonijia. Ningeandika nane ungesema mbona nane. Tuendelee na mabano, kwenye mfano wa mtihani yapo mabano na hayaeleweki.

Huku hakuna jipya. Mvua chache. Lile tingatinga bovu limepata mnunuzi wa vyuma chakavu, Jumatatu tarehe 20 wanakuja kulikatakata na kulibeba. Nitalikumbuka. Jiwe la mwezi uliopita lilipiga ubavu wake likaacha bonde la kutosha ndoo.

Tuma mabano.

Baba


11 Aprili

Baba,

Sitatuma mabano.

Nimekaa na barua zako zote mezani, nikafanya hesabu ambayo hukuniomba. Fuata mstari kwa mstari, na kama kuna mstari wa uongo, uniambie ni upi.

Utambi wako, pima mbili: mita 3.5
Unaungua: 3.5 × 120 = sekunde 420
Kuwasha matundu 10: sekunde 140
Zinazobaki za kutembea: 420 − 140 = 280

Zamani ulikuwa unatembea hizo mita 240 kwa dakika nne, yaani 240. Ulikuwa na sekunde 40 za ziada, ndizo ulizokuwa unakaa nazo handakini ukijisifu. Sasa unahitaji 460.

Kwa sekunde 280 unafika wapi?
240 ÷ 460 × 280 = kama 146

Mita 146. Handaki liko 240. Mita tisini na nne, baba!

Nikajiuliza, sasa mbona yuko hai ananiandikia? Ndipo nikaona. Tingatinga bovu: hatua 200, kila hatua sentimita 70. Mita 140. "Nitalikumbuka." Mtu gani anakumbuka tingatinga lililooza? Unajificha nyuma yake. Unalifikia zikiwa zimebaki sekunde kumi na mbili, halafu wote wanadhani umetoka handakini. Na hakuna aliyegundua kwa sababu miaka yote unaitwa Taratibu.

Na tarehe 20 wanalibeba.

Mguu gani? Tangu lini? Naogopa, baba, nakuambia wazi naogopa. Nimefundisha kipindi kizima leo nikiwa nimeshika chaki mkono wa kushoto nisijue, nami huandikia wa kulia.

Mwanao


15 Aprili

Mwanangu,

Hakuna mstari wa uongo.

Ni goti la kulia. Novemba, jiwe dogo tu, la ukubwa wa ngumi. Niliwaambia nimeanguka bafuni. Mama yako analichua kila asubuhi kabla sijavaa suruali ya kazi. Yeye anajua goti, hajui utambi. Mtunza stoo anajua utambi, hajui goti. Wewe ndiye wa kwanza kujua vyote viwili, na najuta kukusomesha.

Utaniuliza mbona sikati mrefu zaidi. Stoo pana msumari ukutani wa kupimia utambi, kutoka mlangoni hadi hapo ni pima mbili zangu mwenyewe, nilizipima mimi mwaka niliopata leseni. Ndicho wanachotoa kwa kila tundu. Ukitaka zaidi unaandika sababu na kutia sahihi. Niandike nini? Nimekuwa kiwete? Siku hiyo hiyo leseni inakwenda, nakaa getini kufungulia malori. Watu walikuwa wanapanda juu ya kile kilima kunitazama natembea, mwanangu. Wanashika saa. Moshi unatoka nyuma yangu nami sigeuki. Mimi sina kingine ninachojua kukifanya hivyo.

Tunapiga mwamba tena Jumatano tarehe 29. Nitapata namna. Nitaongeza mwendo.

Na nakuonya. Najua unafikiria kumwandikia msimamizi. Ukimwandikia, usinihesabu kuwa baba yako.

Baba


20 Aprili

Kwa Msimamizi wa Machimbo,

Mheshimiwa, mimi ni binti wa fundi wako wa baruti, yule mnayemwita Taratibu. Nimejaribu simu ya ofisi yenu siku mbili, wananiambia laini imekatwa. Ndiyo maana naandika.

Tafadhali soma hesabu hii, na usimruhusu kuwasha tarehe 29.

Kuwasha matundu 10: sekunde 140
Kutembea hadi handakini, kwa goti aliloumia Novemba: sekunde 460
Jumla anayohitaji: sekunde 600
Utambi mnaompa unaungua sekunde 420, pungufu ni 280

Alikuwa anajificha nyuma ya tingatinga mnaloliondoa leo. Sasa hana pa kujificha. Hakuwadanganya kwa ubaya. Anaipenda kazi yake kupita kiasi, na mimi nampenda yeye.

Wako mtiifu,
Mwalimu


20 Aprili

Baba,

Nimemwandikia. Barua zote mbili nimezitia posta pamoja.

Umesema utaongeza mwendo. Fanya hesabu, basi: mita 240 kwa sekunde 280, kwa goti hilo. Mtu anayejua kutembea huo mwendo ni wewe wa kabla ya Novemba.

Usinihesabu kuwa mwanao, sawa. Kasirika miaka ishirini, nitakuja kila likizo ya shule nikae kizingitini unitazame vibaya. Ila uwepo wa kunitazama.

Mwanao, upende usipende


27 Aprili

Baba,

Hamjanijibu, si wewe si msimamizi.

Leo dereva wa lori la kokoto ameshusha mzigo hapa shuleni, wanajenga maabara. Nikamuuliza anakotoka, akataja machimbo yenu. Anasema Jumatano iliyopita, tarehe 22, mlikuwa mnapiga. Nikamwambia haiwezekani, ni tarehe 29. Akasema mnunuzi wa vyuma aliondoka mapema na mwamba ukawa wazi, ratiba ikasogezwa. Anasema king'ora kililia, kikanyamaza, kikalia tena, na wote wakakimbilia kwenye mwamba badala ya kuukimbia. Aliona watu wamemzunguka mtu. Geti likafungwa, akaambiwa aondoke na lori lake.

Jumatano tarehe 22. Barua yangu haikuwa imefika.

Nimemuuliza, "Walimzunguka amelala au amesimama?" Hajui. Nimemuuliza mara tatu, hadi akaona haya.

Barua hii nampa yeye mkononi. Isipofika jibu hadi Jumatatu ijayo, napanda basi. Mama, kama ni wewe unayeisoma, niandikie neno moja tu. Lolote.

Mwanao


30 Aprili

Mwanangu,

Nilikuwa nimesimama.

Barua yako nimeisoma hapa hapa getini, dereva akinisubiri, naandika juu ya boneti yake. Nisamehe siku hizi nane. Nilikuwa nimekununia, na mama yako alikuwa ameninunia mimi. Ningejua umeuliza "amelala au amesimama" ningekuja kwa miguu, goti na lote.

Ilikuwa hivi. Jumatatu wakalibeba tingatinga. Jumanne msimamizi akasema kesho tunapiga. Sikulala vizuri, lakini nilijiambia nitaongeza mwendo. Jumatano matundu kumi yamejazwa, watu wameondoka, king'ora kimelia, kiberiti kiko mkononi. Nikageuka kuitazama njia yangu. Pale lilipokuwa tingatinga pamebaki weusi wa oili ardhini, na baada ya hapo ni peupe tu hadi handakini. Ile barua yako ya tarehe 11 ilikuwa mfukoni, wala sikuhitaji kuitoa. Mita tisini na nne nilizijua kwa moyo. Nikazitafuta kwa macho nikaziona, kuanzia jiwe hili hadi handaki lile.

Nikainua bendera nyekundu. King'ora kikalia tena, wakaja mbio wakidhani nimejeruhiwa. Msimamizi anahema, "Taratibu, kuna nini?" Nikachukua ile chaki ya kuchorea matundu, nikaandika kwenye mwamba:

120x = 140 + 460
120x = 600
x = 5

Nikamwambia, "Nahitaji mita tano kwa kila tundu." Akasoma. Si mjinga yule. Akauliza, "Hizi 460 za nani?"

"Zangu."

"Tangu lini?"

"Tangu Novemba."

Hakuna aliyecheka. Nilitegemea watacheka, na ningejua la kufanya. Mwenzangu Mrefu akaja akanichukulia kiberiti mkononi polepole, kama unavyomchukulia mtoto kisu. Nikalia mbele yao wote. Hilo mama yako nimeshamwambia, na hayo mengine pia, ndiyo sababu ya kununiwa.

Leseni niliirudisha mwenyewe mchana ule, sikungoja mtihani. Nilidhani ni getini sasa. Msimamizi akanipeleka stoo, akaung'oa ule msumari ukutani mbele yangu, akasema kuanzia leo anayewakatia mafundi wote utambi ni mimi. Basi nimeanzisha utaratibu: kila fundi, kabla ya kupewa utambi, atembee mita 240 mbele yangu nikiwa na saa. Wanalalamika kweli. Mrefu anatumia sekunde 200, anajiona. Nimemwambia ngoja uzeeke. Mtihani wa tarehe 20 nitaufanya hata hivyo, nataka kuiona sura ya mwenye tai nikimpata huyo x mbele yake. Kwa hiyo mabano bado nayataka.

Sasa lako. Barua yako kwa msimamizi ilifika Alhamisi, siku moja baada ya mimi kusema mwenyewe. Akanipa. Niliisoma kwa hasira nikaiweka. Jana jioni nikaisoma tena, mstari kwa mstari kama ulivyonifundisha. Mstari wa mwisho wa hesabu umeandika 600 toa 420 ni 280. Ni 180, mwanangu. Wewe hukosei kutoa tangu una miaka saba. Nikakaa nikiitazama hiyo mbili, imepinda, nikauona mkono wako ulivyokuwa ukikimbia siku ile. Hasira zote zikaniisha hapo hapo kwenye kiti.

Nimeisahihisha kwa kalamu nyekundu ya stoo, naiambatanisha na hii. Nimekupa tisa kwa kumi. Ile moja nimeikata kwa sababu ulikimbia.

Baba yako